Mwari Asiyetoka Kumbini: Filamu za Wanyonya Damu kama Sitiari ya Ubalehe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna filamu za wanyonya damu zilivyomtumia mhusika huyo kuwa sitiari ya ubalehe na ya safari ya kuelekea utu uzima. Kwa kuongozwa na nadharia ya miviga ya mpito iliyoasisiwa na Arnold van Gennep na kuendelezwa na Victor Turner, makala yanahakiki filamu nne, The Lost Boys (1987), Near Dark (1987), Interview with the Vampire (1994) na Let the Right One In (2008), pamoja na mfululizo wa Twilight (2008–2012). Hoja kuu ni kwamba mnyonya damu wa filamu hizi si taswira ya kijana anayekua tu, bali ni ya kijana aliyekwama katikati ya kukua. Aidha, inadaiwa kwamba uzito wa kila filamu unategemea jinsi inavyolijibu swali moja: ni nani anayelipa gharama ya ujana usiokwisha?

Utangulizi

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Katika matumizi ya kawaida methali hii hutolewa kuwa onyo, kwamba kijana autumie ujana wake vyema kabla haujampita. Hata hivyo, ndani yake mna maana nyingine ambayo aghalabu haisemwi waziwazi: moshi usiotoka huwa adha kwa wote waliomo nyumbani. Kupita kwa ujana, kwa hivyo, ni jambo la kheri kadiri lilivyo la kuhuzunisha. Filamu za wanyonya damu, hususan zile zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980, zimejengwa juu ya upande huu wa pili wa methali. Zinauliza itakuwaje endapo moshi huo utakataa kwenda.

Swali hili halikuwako tangu mwanzo. Katika riwaya ya Bram Stoker, Dracula (1897), na katika filamu za awali kama vile Nosferatu (1922) ya F. W. Murnau na Dracula (1931) ya Tod Browning, mnyonya damu ni mtu mzima wa tabaka la makabaila, mgeni kutoka nchi ya mbali, ambaye huwavamia vijana wa watu. Kijana ni windo, wala si mwindaji. Mabadiliko yalianza kudhihirika katika miaka ya 1950, wakati watengenezaji wa filamu wa Marekani walipotambua kwamba vijana walikuwa wateja wakubwa wa sinema. Mwaka wa 1957 ilitolewa filamu ya Blood of Dracula, ambapo msichana aliyefiwa na mama hupelekwa shule ya bweni na babake ambaye ameoa upya kwa haraka. Huko shuleni, mwalimu wake wa kemia humgeuza kuwa mnyonya damu. Filamu hiyo haina ustadi mkubwa, lakini imeweka msingi muhimu. Kuanzia hapo mnyonya damu aliweza kuwa mtoto wa mtu, mwenye sare ya shule, hasira na upweke.

Suala la Istilahi: Mnyonya Damu si Mumiani

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi ifafanuliwe. Msomaji wa Kiswahili huenda akajiuliza kwa nini makala haya hayatumii neno mumiani, ambalo limo katika kamusi na katika masimulizi ya pwani na bara. Awali neno hilo lilitaja dawa nyeusi mfano wa gundi iliyotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengineyo, na ambayo watu wengi waliamini kwamba ilitokana na damu ya binadamu. Baadaye liliwataja watu walioshukiwa kuua ili kupata damu hiyo. Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000), ameonyesha jinsi uvumi wa aina hii ulivyoenea Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni, na jinsi ulivyowahusisha wazimamoto, wahudumu wa hospitali na watumishi wengine wa serikali.

Tofauti baina ya viumbe hawa wawili ina uzito katika mjadala huu. Mumiani wa uvumi ule hana njaa. Ana kazi, vifaa na mshahara, na damu anayoichukua inakwenda kwa mwingine. Zaidi ya hayo, aliyetolewa damu na mumiani hageuki kuwa mumiani. Kwa sababu hiyo, mumiani ni sitiari nzuri ya dola na ya unyonyaji wa kiuchumi, lakini hawezi kubeba maana ya kukua. Mnyonya damu wa filamu, kinyume chake, anaumwa na njaa yake mwenyewe na humwambukiza anayemng'ata. Kugeuka huku kwa mwili kutoka hali moja hadi nyingine ndiko kunakomfanya awe chombo mwafaka cha kuzungumzia ubalehe.

Msingi wa Kinadharia

Mwaka wa 1909 van Gennep alichapisha utafiti wake kuhusu miviga ya mpito, na humo akabainisha hatua tatu: kutengwa, kuwa ukingoni na kurejeshwa katika jamii. Turner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wandembu wa nchi ambayo sasa ni Zambia, aliishughulikia zaidi hatua ya kati. Aliye katika hatua hii ameacha kuwa alivyokuwa na bado hajawa anachotarajiwa kuwa. Aghalabu huchukuliwa kuwa kama mfu, au kama mimba ambayo haijazaliwa.

Katika jamii zilizodumisha jando na unyago, hatua hii ilikuwa na mahali pake, yaani kumbi. Mwari alitengwa na wenzake, akafundwa na kungwi au somo, kisha akatolewa kwa nyimbo na nguo mpya. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba alitolewa. Kumbi ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea, na kulikuwa na watu wazima waliosimama penye milango yote miwili.

Mnyonya damu wa filamu ni mwari aliyeingizwa kumbini na asitolewe. Amekufa utotoni mwake, na hakuzaliwa katika utu uzima. Masharti yake mashuhuri yanaweza kusomwa kwa msingi huu. Jua humuunguza, naye huishi saa ambazo wazazi wamelala. Inafaa kukumbukwa kwamba katika riwaya ya Stoker, Dracula aliweza kutembea mchana. Kifo cha kuunguzwa na jua kiliingia kupitia filamu ya Nosferatu. Kioo hakionyeshi sura yake, jambo ambalo kijana anayejitazama kila asubuhi asijitambue atalielewa bila kufafanuliwa. Haingii nyumba ya mtu pasipo kualikwa, kwa kuwa ulimwengu wa watu wazima bado haujamfungulia mlango, na ule wa watoto umekwisha kumfungia.

Rika Bila Kungwi: The Lost Boys na Near Dark

Jina la filamu ya Joel Schumacher, The Lost Boys, limetokana na watoto waliopotea katika hadithi ya J. M. Barrie kuhusu Peter Pan, mvulana aliyekataa kukua. Michael na mdogo wake Sam wanahamia na mama yao, Lucy, katika mji wa kubuniwa wa Santa Carla, California, baada ya ndoa ya wazazi wao kuvunjika. Michael anavutwa na kundi la vijana wa pikipiki linaloongozwa na David. Anapewa chupa anayodhania kuwa ya mvinyo, kumbe ni damu. Anapelekwa kwenye daraja la reli, ananing'inia chini yake pamoja na wenzake gari moshi likipita juu, kisha anauachilia mkono na kutumbukia katika ukungu. Hapana shaka kwamba huu ni mviga. Kuna kinywaji, kuna jaribio la ujasiri na kuna rika jipya. Kinachokosekana ni kungwi. Vijana wanafundana wenyewe kwa wenyewe, na funzo lenyewe ni kwamba hakuna kutoka.

Sam ndiye anayeona taswira ya nduguye katika kioo ikififia, na hofu yake ya kwanza inamhusu mama yao: atasema nini akijua? Tukio hilo huwachekesha watazamaji, lakini lina ukweli wake. Katika nyumba nyingi mdogo ndiye anayegundua kwanza kwamba kaka yake amekuwa mtu mwingine.

Filamu hii ina mambo mawili yanayoipa uzito zaidi ya ule unaokubaliwa na wahakiki wanaoiona kuwa burudani tu. Kwanza, inabainika mwishoni kwamba mkuu wa wanyonya damu si David bali ni Max, mwenye duka la kukodisha kanda za video, ambaye amekuwa akimposa Lucy ili awe mama wa vijana wake. Anayewaweka vijana katika ujana wa daima, basi, ni mtu mzima mwenye biashara, na bidhaa yake ni filamu. Pili, babu yao Michael na Sam, ambaye hatimaye anamwangamiza Max, anadhihirisha katika maneno yake ya mwisho kwamba amekuwa akijua siku zote kuwa mji umejaa wanyonya damu. Mzee alijua na hakusema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini methali hiyo haisemi lolote kuhusu babu aliyekuwa na elimu yote na akanyamaza hadi vita vilipomfikia mlangoni.

Near Dark ya Kathryn Bigelow, iliyotolewa mwaka huohuo, inalijibu tatizo hili kwa njia nyingine. Caleb, kijana wa shambani, anang'atwa na msichana aitwaye Mae na kuchukuliwa na kundi linalosafiri usiku katika magari yaliyozibwa vioo. Anatakiwa ajifunze kuua, naye hawezi, hivyo Mae anaua kwa niaba yake na kumnywesha damu kutoka mkononi mwake. Wakati huo baba yake anamtafuta. Anapompata, baba huyo ambaye ni daktari wa mifugo anamtia mwanawe damu yake mwenyewe, na Caleb anarejea kuwa binadamu. Damu ni nzito kuliko maji, na hapa msemo huo umegeuzwa kuwa tendo. Kwa mujibu wa hatua za van Gennep, Caleb ni miongoni mwa wahusika wachache wa filamu hizi wanaotolewa kumbini, na anatolewa kwa sababu mtu mzima mmoja alikuwa tayari kulipa kwa mwili wake.

Katika kundi hilohilo yumo Homer, mzee aliyefungwa ndani ya mwili wa mtoto, ambaye anamtamani dada mdogo wa Caleb awe mwenziwe. Homer anafa akimkimbilia msichana huyo juani. Kupitia kwake filamu inadokeza hofu ambayo filamu ya miaka 7 baadaye iliikabili ana kwa ana.

Mwili Usiokubali Kukua: Interview with the Vampire

Filamu ya Neil Jordan ya mwaka wa 1994 imetokana na riwaya ya Anne Rice ya mwaka wa 1976. Rice alimpoteza binti yake kwa ugonjwa wa saratani ya damu mwaka wa 1972, kabla mtoto huyo hajatimiza miaka 6. Si lazima kazi ya fasihi isomwe kwa kigezo cha maisha ya mtunzi, lakini ni vigumu kumtazama Claudia, mtoto anayeokolewa na kifo kwa kugeuzwa mnyonya damu, bila ya kulikumbuka jambo hilo.

Claudia, aliyeigizwa na Kirsten Dunst, anapewa uhai wa milele na wanaume wawili, Lestat na Louis, wanaomlea kama binti. Miongo ya miaka inapita. Akili yake inakuwa ya mwanamke na mwili wake unabaki wa mtoto. Lestat humpa mwanasesere kila mwaka, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Anapomwona mwanamke akioga anatambua kwamba hatapata kamwe mwili kama ule. Katika tukio lenye nguvu kuliko yote anazikata nywele zake kwa hasira, na baada ya muda mfupi zinarejea zilivyokuwa. Mayowe yake yanatokana na kugundua kwamba hata uamuzi mdogo kama huo juu ya mwili wake hauna nguvu.

Wasichana wengi huogopa mwili unaobadilika pasipo idhini yao. Claudia anaonyesha upande wa pili wa hofu hiyo, yaani mwili unaokataa kubadilika. Filamu haiwaachi walezi wake bila lawama. Walimpa uhai usiokwisha kwa sababu wao walimhitaji awe mtoto, na hakuna aliyemuuliza. Hapa ujana wa milele ni zawadi ya watu wazima, na anayeilipia ni mtoto.

Atakayelipa Baadaye: Let the Right One In

Filamu ya Kiswidi ya Tomas Alfredson, ijulikanayo zaidi kwa jina lake la Kiingereza, ilitolewa mwaka wa 2008 kutokana na riwaya ya John Ajvide Lindqvist ya mwaka wa 2004. Mandhari yake ni Blackeberg, kitongoji cha Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Oskar ana miaka 12. Wazazi wake wametengana, baba ni mlevi, na wenzake shuleni wanamtesa bila walimu kutambua. Jirani yake mpya, Eli, pia ana miaka 12, isipokuwa amekuwa na umri huo kwa muda mrefu sana. Wanajuana usiku katika uwanja wa michezo uliofunikwa na theluji, na wanawasiliana kwa kugonga ukuta unaotenganisha vyumba vyao.

Sharti la kualikwa, ambalo katika filamu nyingine ni kanuni tu ya mchezo, hapa linakuwa kiini cha maana. Oskar anakataa kutamka neno la kumkaribisha Eli ili aone kitakachotokea. Eli anaingia hata hivyo, na mwili wake unaanza kuvuja damu kila mahali hadi Oskar anapopaza sauti na kumkaribisha. Ni mara ya kwanza kwa mvulana huyu, ambaye amezoea kuumizwa, kuona kwamba naye anaweza kuumiza. Katika tukio hilo anajifunza kitu cha utu uzima ambacho mzazi wala mwalimu hakuwahi kumfunza, kwamba kumfungulia au kumfungia mwingine mlango ni tendo lenye matokeo.

Hata hivyo, filamu inaweka mbele ya mtazamaji mhusika wa tatu, Håkan, mwanamume wa makamo anayewaua watu ili Eli apate damu, na ambaye anapokamatwa anauharibu uso wake kwa asidi ili Eli asitambulike. Filamu haielezi alikotoka. Katika riwaya, Håkan alikutana na Eli akiwa tayari mtu mzima, lakini filamu imeliacha jambo hilo wazi. Mtazamaji anayemwona Oskar mwishoni akisafiri kwa gari moshi, Eli akiwa amefichwa ndani ya kasha kando yake, hawezi kuepuka kujiuliza kama Håkan naye aliwahi kuwa mvulana wa aina hiyo. Toleo la Kimarekani la mwaka wa 2010, Let Me In, linalithibitisha wazo hilo kwa kuonyesha picha ya zamani. Ukimya wa toleo la Kiswidi una nguvu zaidi. Oskar ameokolewa kutoka kwa watesi wake, anatabasamu, na huenda ameanza safari ya kuzeeka akimhudumia mtu asiyezeeka.

Kumbi Iliyogeuzwa Kasri: Twilight

Mfululizo wa Twilight, uliotokana na riwaya za Stephenie Meyer, ulianza kwa filamu ya Catherine Hardwicke mwaka wa 2008 na kukamilika kwa filamu ya tano mwaka wa 2012. Edward Cullen amekuwa na miaka 17 tangu mwaka wa 1918, alipokuwa akifa kwa homa ya mafua iliyoenea ulimwenguni. Nyumbani kwao, katika mji wa Forks, jimbo la Washington, kuna ukuta uliopambwa kwa kofia za mahafali, kwa kuwa yeye na nduguze wamehitimu shule mara nyingi mno. Pambo hilo ni mzaha, lakini ni vigumu kupata taswira bora ya mwari asiyetoka. Anafuzu, anafuzu tena, na hafiki popote.

Kinachoitofautisha kazi hii na zilizotangulia ni kwamba hali hiyo inageuzwa kuwa tuzo. Filamu ya pili, New Moon (2009), inafunguka kwa ndoto ya Bella katika siku anayotimiza miaka 18: anamwona bibi yake, kisha anatambua kwamba anayemwona ni yeye mwenyewe, amezeeka, kando ya Edward ambaye bado ni kijana. Kuanzia hapo hamu yake ni kugeuzwa. Anapofaulu, anakuwa na mume, mtoto, nyumba na mali, vyote bila ya kunyanzi hata moja. Familia ya Cullen hunywa damu ya wanyama, hivyo hakuna binadamu anayelazimika kufa. Gharama imefutwa kwenye daftari.

Wahakiki wengi wameilaumu Twilight kwa jinsi inavyomsawiri msichana anayemtegemea mwanamume anayemchunga hata akiwa usingizini. Lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, haingekuwa haki kuupuuza mvuto wake kwa wasichana wa umri huo. Zilikuwa filamu chache zenye hadhira kubwa zilizoichukulia kwa uzito hofu ya msichana kwamba thamani yake itapungua kadiri anavyokua. Hofu hiyo haikubuniwa na Bella; alifundishwa na jamii inayotukuza ujana wa wanawake. Aidha, ndani ya mfululizo huu imo sauti moja inayopinga. Katika Eclipse (2010), Rosalie anamweleza Bella kwamba yeye hakuwahi kuchagua, na kwamba angependa kuzeeka barazani na mumewe mwenye mvi, wakiwa wamezungukwa na wajukuu. Hotuba hiyo ni fupi na Bella haifuati, lakini ndipo mahali ambapo Twilight inakiri kwamba kuna kilichopotea.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba si sahihi kusema tu kuwa kiu ya damu huwakilisha hisia mpya za mwili wakati wa kubalehe. Usomaji huo ni wa kweli lakini unaishia katikati. Filamu hizi zinauliza pia ni nani anayemshikia kijana mlango wa kutokea. Katika Near Dark baba analipa kwa damu yake na mwana anatoka. Katika The Lost Boys babu anachelewa kusema. Katika Interview with the Vampire walezi wenyewe ndio wanaofunga mlango. Katika Let the Right One In mlango unafunguliwa na mtoto mwingine, na bei itajulikana baada ya miaka mingi. Twilight inamwambia mtazamaji kwamba kumbi ni pazuri na hakuna haja ya kutoka.

Filamu za aina hii mara nyingi huachwa nje ya uhakiki kwa kudhaniwa kuwa za kuogofya na za kupitisha wakati. Kuziacha ni kumwiga yule babu wa Santa Carla. Vijana wanaozitazama wanaulizwa ndani yake maswali mazito kuhusu mwili, upweke na uzee. Mwalimu anayejua kusoma sitiari na akanyamaza amewaachia akina Max na duka lao kazi ya kuwafunda.